Timazi Iliyokataa Kunyooka

Boti ilipozima injini mbele ya Ikombe, Inspekta Jovina alikuwa wa kwanza kushuka majini. Maji yalimfika magotini. Viatu alivishika mkono mmoja, mfuko wa vielelezo mkono wa pili, akatembea hadi ufukweni bila kumngoja Konstebo Lameck, ambaye bado alikuwa akihangaika kukunja suruali.

Wanawake waliokuwa wakifinyanga vyungu kwenye vibanda vya nyasi walinyamaza. Jana tu waliwaona askari hao wawili wakimtia pingu Ambwene, mwanakijiji mwenzao, na kuondoka naye kama mwizi wa ng'ombe. Leo hakuna aliyeinuka kuwakaribisha.

"Mugonile," Jovina alisalimia. Miaka miwili tangu ahamishiwe Kyela kutoka Muleba, hiyo ndiyo salamu pekee ya Kinyakyusa aliyoweza kuitamka bila kujikwaa.

Mmoja alijibu kwa kuguna. Wengine waliinamia udongo wao.

"Afande, hapa hatuambulii kitu," Lameck alisema alipomfikia. "Na mtu wetu tunaye. Mkuu anataka jalada liende kwa mwendesha mashtaka kesho."

"Kesho haijafika. Twende mwambani."

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Marehemu aliitwa Clemence, mpima ardhi mstaafu, mwenyeji wa Mahenge. Alikuja Ikombe baada ya kustaafu, akapanga nyumba ya chumba na sebule, akakaa. Hakuja kuvua wala kulima. Alikuja kwa sababu aliamini dunia imezungushiwa nyuzi za nguvu zisizoonekana, kama wavu unavyozunguka mpira, na kwamba nyuzi hizo hukutana mahali pachache sana. Moja ya mafundo hayo, kwa hesabu zake, lilikuwa hapa, chini ya milima ya Livingstone, pale Bonde la Ufa linapojigawa. Kwenye fundo, alisema, uzito hulegea. Mtu akijua namna ya kuligusa, jiwe litaelea kama nyoya.

Alizituma nadharia hizo kwenye makundi ya simu. Mwanzoni watu wa nchi za mbali walimjibu. Kisha wakapungua, halafu wakaisha. Yeye aliendelea kutuma.

Kilichomponza Ambwene kilikuwa shaba. Clemence alichimbia fimbo za shaba kwenye machimbo ya udongo ambako wanawake hupata udongo wa vyungu, mke wa Ambwene akiwa mmoja wao. Ambwene akazing'oa, akampigia kelele mbele ya kijiji kizima kwamba akizirudisha atamtupa ziwani. Wiki hiyohiyo Clemence akakutwa amekufa chini ya mwamba wake, mguu umevunjika na nyonga imesagika. Fimbo za shaba zikakutwa nyumbani kwa Ambwene. Mkuu wa upelelezi aliona hapo hakuna la kujadili.

Jovina aliona mambo mawili ya kujadili. La kwanza alilitoa daktari: marehemu hakufa papo hapo, alikaa muda mrefu akivuja damu kwa ndani. La pili aliliona kwa macho yake: koti la marehemu lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa chini ya kichwa chake, na kando yake palikuwa na kata ya maji.

"Mtu aliyevunjika nyonga anaweza kuvua koti akalikunja?" Lameck aliuliza wakati wanapanda, akihema.

"Hawezi."

"Basi Ambwene alijuta."

"Ambwene huyu unayemjua? Huyo akijuta, atajuta kwa kelele."

Mwamba ulitokeza juu ya ziwa kama meza isiyo na kiti. Clemence alikuwa amepanga mawe bapa juu yake, akapata jukwaa. Katikati ya jukwaa alisimamisha sanduku refu la mbao lenye kioo mbele, kuzuia upepo, na ndani yake alining'iniza timazi, ule uzi wenye uzito ambao mafundi huutumia kujua ukuta umesimama wima au umelala. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Kila aliyehojiwa kijijini alisema jambo lilelile: timazi ya mzee Clemence haikuning'inia wima. Ilivutwa upande wa mlima, mchana na usiku, bila mkono wa mtu.

Jovina alichuchumaa mbele ya kioo. Uzi ulikuwa umenyooka wima kabisa.

Lameck alirudi nyuma hatua moja. "Nguvu imeondoka na mwenyewe," alinong'ona.

"Au iliyoondoka ni timazi." Jovina alifungua kioo, akaushika uzito kwa vidole. Ulikuwa wa rangi ya dhahabu iliyofifia. "Hii ni shaba. Nipe kile kipande tulichokikuta mfukoni mwake."

Lameck alipekua mfuko wa vielelezo, akatoa pande dogo la chuma lililochongoka kama karoti, lenye tundu juu. Walikuwa wameliandika kuwa ni kipande cha mashine. Jovina alifungua shaba, akafunga chuma kwenye uzi uleule, akaachia.

Chuma kilicheza kidogo, kikatulia. Hakikutulia wima. Kiliegemea upande wa mlima, uzi ukiwa umelala kama mtu aliyeinama kusikiliza.

"Yesu wangu."

"Muache Yesu kwanza. Tazama." Alirudisha shaba. Uzi ukanyooka. Akarudisha chuma. Uzi ukainama. "Kama mlima ndio unaovuta, au kama uzito wa dunia unalegea mahali hapa, utachagua chuma na kuisamehe shaba?"

Lameck alikuna shingo. "Sumaku."

"Sumaku. Na marehemu alikuwa mpima ardhi maisha yake yote. Siku ya mwisho aliweka shaba humu na kutia chuma mfukoni. Alifanya jaribio hilihili tulilolifanya sisi. Alipanda hapa akiamini, akashuka..." Alitazama ukingo wa mwamba. Hakumalizia.

Aliufungua uzi wenye chuma, akaupitisha taratibu juu ya mawe ya upande wa mlima. Kwenye jiwe la nne chuma kilishtuka, kikanasa juu ya jiwe na kukataa kutoka. Waliliinua jiwe hilo wote wawili. Chini yake kulikuwa na mviringo mweusi, mnene, mkubwa kama kisosi, umefukiwa kwenye mchanga. Ilikuwa sumaku ya spika kubwa. Bamba lake la chuma lilikuwa limeanza kutu, lakini herufi zilizoandikwa kwa rangi nyeupe zilisomeka: KWAYA.

Waliposhuka walimkuta mwanamke akiwangoja njiani, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Alikuwa Kisa, mke wa Ambwene.

"Mama askari, mume wangu amekula?"

"Amekula. Asubuhi nimehakikisha mwenyewe."

"Mume wangu ana mdomo. Mkono hana. Ananipigia kelele mimi, anawapigia kuku, anaupigia upepo. Uliza kijiji kizima kama amewahi kumpiga hata mbuzi."

"Kisa, siku mzee Clemence alipokufa, nani alikwenda Matema?"

"Siku ile? Hakuna. Ziwa lilikuwa limechafuka tangu alfajiri. Vyungu vyetu vilikuwa vimeshafungwa tuvipeleke sokoni, vikalala hapahapa. Mtumbwi hata mmoja haukutoka."

"Una uhakika?"

"Vyungu vikikosa soko mimi nasahau?"

Jovina na Lameck walitazamana. Ni mtu mmoja tu aliyesema kwamba siku hiyo alivuka kwa mtumbwi kwenda Matema kumwona shemeji yake, akalala huko. Maelezo yake yalikuwa ya kwanza kwenye jalada, yenye adabu, hayana doa. Alikuwa jirani wa marehemu, mzee Zebedayo.

"Kanisani kwenu, spika za kwaya anazitunza nani?" Jovina aliuliza.

Kisa alishangaa. "Za zamani ziliungua kwa radi, kabla hata sijazaa mtoto wangu wa mwisho. Mtunza vifaa ni mzee Zebedayo." Kisha akaona sura ya Jovina ilivyobadilika, akaziba mdomo kwa mkono wenye udongo. "Hapana, mama. Yule mzee? Hapana."

"Ndaga," Jovina alimshukuru, akapita.

Nyumba ya Zebedayo ilikuwa ya mwisho kabla ya migomba. Mwenyewe alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa. Alikuwa ofisa forodha pale mpakani Kasumulu enzi zake, na bado aliketi kama mtu anayesubiri kukaguliwa. Mbele yake kulikuwa na wali na usipa, dagaa wa ziwa hilo, wa kukaanga. Sahani zilikuwa mbili.

"Unangoja mgeni, mzee?" Jovina aliuliza.

Zebedayo alizitazama sahani kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyezipanga. "Mazoea tu, mwanangu. Karibu. Kula hiyo ya pili."

"Asante. Niko kazini."

"Na usipokuwa kazini, pale Kyela unakula na nani?"

Jovina alivua mkoba begani, akaketi ukingoni mwa mkeka. "Tuanze na maelezo yako ya juzi."

Pembeni ya mlango, maboksi mawili makubwa meusi yalikuwa yamelazwa chali. Kuku alikuwa ameatamia ndani ya mojawapo. Kwenye la pili koni ya karatasi ilikuwa imechanika, na nyuma yake fremu ya chuma ilikuwa tupu, kitu kimebanduliwa.

"Zile spika ni za kanisa?"

"Za kwaya. Ziliungua. Waliniambia nizitupe."

"Sumaku zake ziko wapi?"

Jovina alifungua mfuko, akaweka ule mviringo mweusi juu ya mkeka, karibu na sahani. Kijiko kilitikisika, kikateleza chenyewe juu ya ukindu, kikajibandika kwenye sumaku kwa mlio mdogo.

Mzee alikibandua kijiko, akakipachika kwenye wali.

"Mzee Zebedayo, kabla hujasema, nakuonya. Si lazima useme neno lolote. Ukisema, Konstebo Lameck ataandika, na utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na mimi niliwahi kuwaonya watu." Alivuta pumzi. "Alikuwa ameshafunga mizigo."

"Nani?"

"Clemence. Mwaka wake wa kwanza hapa. Timazi yake ilikuwa inaning'inia wima tu, kama timazi ya fundi yeyote. Aliniambia, Zebedayo, nimekosea hesabu, fundo haliko hapa, kesho nitarudi kwetu. Mizigo akaipanga mlangoni. Mimi mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto wako Mbeya, wako Dar es Salaam. Jioni nilikuwa nazungumza na redio, nayo ikaharibika." Alitabasamu bila furaha. "Alipokuja yeye, nikapata mtu wa kubishana naye. Alisema mambo ya ajabu, nyuzi sijui, mafundo, mawe kuelea. Sikuyaamini hata siku moja. Lakini alikuwa akiyasema akiwa amekaa hapo ulipokaa."

Jovina alijikuta ametazama mkeka chini yake.

"Ukapanda mwambani."

"Nikapanda. Niliinua jiwe, nikafukia hiyo, nikashuka. Asubuhi alikwenda kufungua sanduku lake alibebe. Nilimsikia kutoka hapa akiniita. Mwanangu, sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alilia. Akanikumbatia, akasema mimi ndiye shahidi wake wa kwanza. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa miaka."

Lameck aliacha kuandika kidogo, akaendelea.

"Siku aliyokufa ilikuwaje?"

"Mpwa wake alimtumia sanduku lake la kazi la zamani. Ndani mlikuwa na timazi ya shaba. Alinitumia ujumbe nipande. Nilipofika aliifunga mbele yangu, ikanyooka. Akafunga chuma, kikainama; akarudisha shaba, chuma akakitia mfukoni. Hakuniuliza kitu. Aliniangalia tu. Afadhali angenitukana." "Akasema, Zebedayo, naomba unisaidie kubeba mizigo hadi kwenye boti. Kwa adabu kabisa. Akageuka. Nikamshika mkono wa shati."

"Ulimvuta?"

"Nilimshika. Yeye ndiye aliyejivuta. Shati likachanika begani, ikawa kama kamba imekatika. Alikwenda kinyumenyume. Mimi nilibaki na hewa mkononi."

Shati la marehemu lilikuwa limechanika begani. Hilo halikuwahi kutajwa mbele ya mtu yeyote wa kijiji. Jovina alimtazama Lameck, naye akaitikia kwa macho kwamba amelipata.

"Ulishuka?"

"Nilishuka nikitambaa. Alikuwa hai, anazungumza. Nikamvua koti alilokuwa amelifunga kiunoni, nikalikunja, nikamlaza vizuri. Nikaleta maji."

"Mzee, simu yako inashika mtandao pale chini. Nimejaribu yangu, imeshika."

"Inashika."

"Ziwa lilichafuka, lakini kijiji kilikuwa na watu. Wangembeba kwa machela kwa njia ya mguu."

"Wangembeba."

"Kwa nini hukuita?"

Zebedayo alisogeza sahani ya pili pembeni, polepole, kama inayounguza. "Mara ya kwanza niliposema naenda kuita watu, alinishika mkono. Alisema, usiniache hapa. Nikakaa. Baadaye akasinzia, mkono ukalegea. Hapo ningeweza kwenda. Mara ya pili si yeye aliyenizuia. Ni mimi sikwenda."

"Kwa sababu hukutaka afe peke yake, au kwa sababu angepona angeondoka?"

Kuku aliyekuwa ameatamia alijigeuza ndani ya boksi lake. Kutoka ziwani ilisikika sauti ya mwanamke akimwita mtoto, mbali.

"Hilo swali," mzee alisema, "nimekuwa nalo kila siku tangu siku ile. Nikipata jibu nitakuwa wa kwanza kukuletea."

"Na Ambwene? Ungemwacha anyongwe kwa ajili yako?"

"Ambwene ningemtoa. Nilikuwa nangoja nipate nguvu ya kusema. Ningeanzaje, mwanangu? Niseme rafiki yangu ameuawa na spika ya kwaya?"

"Mke wake amekesha akilia wakati wewe unangoja nguvu."

Zebedayo aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza mgongo wake wa forodha ulipinda. "Ni kweli," alisema. "Hilo halina utetezi."

Jovina aliinuka. Alimwambia afunge mlango, achukue sweta, dawa zake kama anazo. Mzee alipouliza kuku watalishwa na nani, Kisa alikuwa ameshasimama penye migomba, na wanawake wengine nyuma yake. Hakuna aliyejua amesikia kiasi gani. Kisa hakumtazama mzee usoni. Alipita, akaokota bakuli la pumba lililokuwa ukutani, akaanza kuwamwagia kuku.

Boti iliwashusha Matema, gari la polisi likawabeba kupitia mashamba ya mpunga na mikakao, Zebedayo akiwa kiti cha nyuma kati ya Lameck na dirisha. Jovina alimpigia mkuu wake, akamwambia Ambwene aachiwe jioni hiyohiyo. Mkuu alifoka kwanza. Alipomaliza kufoka Jovina alimsimulia habari za shaba na chuma.

"Kosa gani sasa?" mkuu aliuliza. "Kuua? Kuua bila kukusudia?"

"Hilo ataliamua mwendesha mashtaka, afande. Mimi nitaandika alichofanya na ambacho hakufanya."

Walisimama hospitali ya Kyela kuchukua taarifa kamili ya uchunguzi wa maiti. Mhudumu wa chumba cha maiti, mtu mnene mwenye haraka, aliwafuata hadi kwenye gari akiwa na ubao wenye karatasi.

"Afande, huyu marehemu wenu wa Ikombe. Kule Mahenge tumempata mpwa wake. Anasema alikuwa akimtumia vitu tu, na kuja hawezi. Hakuna mwingine. Pale pa kuandika mtu wa karibu niandike nani? Niache wazi halmashauri wamzike?"

Jovina alifungua mdomo kujibu.

"Mimi," Zebedayo alisema kutoka kiti cha nyuma.

Mhudumu aliinama kuchungulia ndani, akaiona mikono ya mzee mapajani, akaiona pingu. Alimgeukia Jovina kuona kama huu ni mzaha.

"Ana uhusiano gani na marehemu?"

"Jirani," mzee alisema.

"Mzee, huyu maiti hatatoka leo," Jovina alisema. "Wala kesho. Na siku akitoka, huenda wewe usiruhusiwe kutoka. Unaelewa?"

"Naelewa. Lakini jina liwepo."

Lameck alitazama nje ya dirisha. Mhudumu alisubiri, kalamu hewani. Jovina alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akatoa ufunguo kiunoni na kumfungua mzee pingu ya mkono wa kulia, ili aweze kutia sahihi.